Mgeni Aliyemfuata Jattani Chechelesi

Jioni hiyo mama yake alimtuma maziwa. Jattani alikuwa amebakisha siku nne za likizo kabla ya kurudi kazini Somalia, na zile zilizopita alizimaliza ameegemea ukuta nyumbani kwao Chechelesi, mjini Isiolo, haongei, hacheki. Alichukua mtungi, akatoka.

Mama Hamdia, muuza maziwa ya ngamia, aliujaza mtungi. Kisha akajaza na kikombe.

"Hiki cha mgeni wako."

"Mgeni gani?"

Mama Hamdia alitazama nyuma ya bega la Jattani, akatabasamu. "Salaam aleikum," akasema.

Hakuwa akimwambia Jattani.

Jattani aligeuka. Vumbi. Mbuzi wawili. Hakuna mtu.

Alingoja moyo umwende mbio. Haukwenda. Ulikuwa umekufa ganzi miezi mitatu sasa, kama mguu uliokaliwa vibaya.

Jeshini Jattani alikuwa mdunguaji. Siku ile ganzi ilipoanza, kule Somalia, alikuwa amelala juu ya paa lililobomoka tangu alfajiri, jicho kwenye darubini ya bunduki. Akamwona kijana amepiga magoti kando ya barabara, anafukua. Redio ikanong'ona: anatega bomu, piga.

Akapiga. Mara moja.

Hakuruhusiwa kushuka mpaka giza liingie. Kwa hiyo aliona yote. Bibi mzee alitoka kwenye nyumba ya jirani, akaketi mchangani, akakiweka kichwa cha kijana mapajani. Akakaa hivyo mpaka jua likazama. Midomo yake ilirudia jina moja, jina hilohilo, lakini darubini haileti sauti. Jattani alikula biskuti zake.

Usiku wenzake walipofika pale, walikuta bomba la maji limepasuka. Mkononi mwa kijana mlikuwa na kipande cha mpira cha kulifungia.

Sasa, njiani kurudi nyumbani, Jattani alisikia ndala.

Pa... pa... pa...

Akisimama, zinasimama. Na harufu... harufu ya udongo uliolowa. Isiolo haikuwa imeona mvua tangu mwaka jana.

Mama yake, Tiya, alikuwa mlangoni. Alimtazama, kisha akatazama kando yake.

"Karibu, mwanangu. Ingia, ingia."

Jattani alijikuta amesogea kumpisha mtu. Kitu kibichi, baridi, kikampita begani.

Mama alitandika mkeka. Akaketi akikabili mahali patupu, akitikisa kichwa polepole kama anayesikiliza. Jattani hakuwa amemwambia habari za siku ile. Hakuna mtu nyumbani aliyezijua.

"Mama. Unaongea na nani?"

"Wewe, usiulize hivyo mbele ya mgeni." Akashusha sauti. "Anasema wewe uliuona uso wake. Yeye wako hakuuona. Ndiyo maana amekuja."

Jattani aliweka mtungi chini.

"Muulize anaitwa nani."

Mama akasikiliza.

"Mohamednoor."

Jattani alilijaribu jina mdomoni, bila sauti. Midomo yake ilifunguka na kufungika sawasawa na ya yule bibi.

"Mwambie... mwambie nilidhani ni bomu."

Mama akaanza kutokwa na machozi, akayagusa kwa vidole, akishangaa yametoka wapi.

"Anasema anajua. Hakukuja kwa ugomvi. Anasema Jumatatu wewe rudi tu kazini." Akasita. "Yeye atabaki hapa na mimi. Anasema... ukienda, nitahitaji mtoto."

Jattani alingoja aogope. Hakuogopa. Aliinuka tu, akafunga mlango kwa komeo, yeye mwenyewe akiwa ndani. Kisha akaketi ukingoni mwa mkeka, akaeleza yote, kuanzia paa mpaka biskuti. Alipomaliza, mama hakumtazama. Aliuliza ule upande mwingine:

"Ni kweli?"

Mama akasikiliza, akaitikia kwa kichwa.

Jumatatu Jattani hakurudi kazini. Wiki iliyofuata askari walikuja kumchukua. Akafungwa, akatoka, akafukuzwa jeshini, akarudi Chechelesi. Hajamwona mgeni hata siku moja. Lakini mama akiita "mwanangu!" kutoka jikoni, Jattani husubiri kidogo kwanza, ndipo aitike.