Vyandarua vya Zahanati

Kila akitoka shule, Avelina hupitia zahanati ya kijiji, kando ya Ziwa Nyasa, amsalimu mama yake, Muuguzi Mektilda, ndipo aende nyumbani kusonga ugali wa muhogo. Wiki ile mama yake alikuwa kwenye semina Mbamba Bay. Avelina alipita vilevile, maana alikuwa amejipa kazi nyingine: kumchunguza Ignatio.

Ignatio alikuwa kijana mwenye ulemavu wa akili. Halmashauri ilimwajiri kwa majaribio awe mhudumu wa usafi. Alideki vizuri, ukweli usemwe, lakini watu hawakumwamini. "Mtu wa hivyo kupewa ufunguo wa stoo!" walinong'ona kina mama kwenye benchi, na Avelina akayabeba maneno yale kama yalivyo. Ignatio akicheka, Avelina alijiuliza anacheka nini. Akinyamaza, alijiuliza anaficha nini. Maskini, hata chafya yake ilikuwa na walakini.

Siku aliyoondoka mama, Avelina alimwona Ignatio akitoka mlango wa nyuma na furushi jeupe begani, akishuka kuelekea ziwani. Siku mbili baadaye Daktari Hamphrey akafungua stoo. Vyandarua vya wajawazito havipo!

Vyandarua vikipotea ufukweni, watu huwaza jambo moja tu: vimekwenda kuvua dagaa wa usipa. Avelina hakungoja kuulizwa. Alimweleza rafiki yake Eunice kwamba Ignatio ameiba, Eunice akawaeleza wengine, na kabla ya jua kutua furushi moja lilikuwa limezaa mafurushi matatu. "Lisemwalo lipo," watu walisema.

Mwenyekiti wa kijiji akamwita Ignatio mbele ya zahanati.

"Ignatio, umeiba vyandarua?"

"Hapana, mwenyekiti."

"Umewauzia wavuvi?"

"Hapana."

"Basi kaiba nani?"

"Sijui. Mimi sijaona mwizi."

Watu wakaguna. Simu ya Muuguzi Mektilda haikupatikana. Mwenyekiti akatangaza kwamba kesho ataiomba halmashauri imwondoe Ignatio kazini. Ignatio akavua koti lake la kazi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya benchi na kuondoka huku akilia.

Avelina akamfuata kwa mbali, akitumaini kumfumania na wavuvi. Ignatio akaingia kwenye banda la muhogo la shangazi yake. Avelina akachungulia mlangoni. Vyandarua vyote vilikuwa juu ya kamba, vimenyooshwa, mbali na jua la dirishani.

"Kaka Ignatio! Si ulisema hujaiba?"

"Sijaiba. Paa la stoo lilivuja, vikalowa. Mama yako alisema nivitundike kivulini, jua linaharibu dawa yake ya mbu. Kule zahanati kivuli ni barazani tu, na wagonjwa wanakaa. Nikavileta hapa."

"Mbona hukusema?"

"Waliniuliza kaiba nani. Hawakuniuliza viko wapi."

"Na mbona hujavirudisha?"

"Mama yako hajaniambia nivirudishe lini."

Avelina aliona haya hata masikio yakamwaka moto. Angeweza kwenda zake nyumbani, kwani nani angejua? Lakini Ignatio angekosa kazi kwa sababu ya ulimi wake. Alikimbia moja kwa moja hadi kwa mwenyekiti.

"Shikamoo, babu. Maneno haya niliyaanzisha mimi. Nilisema wizi, kumbe wizi sikuuona. Vyandarua vipo, twende nikuonyeshe."

Jioni ileile vyandarua vikarudi stoo, hakikupungua hata kimoja. Mwenyekiti mwenyewe alimvisha Ignatio koti lake, akamwomba radhi mbele ya watu.

Muuguzi Mektilda aliporudi na kusikia yote, hakumgombeza mtu.

"Nami nimekosa," alisema. "Nilimpa Ignatio agizo nusu, nikakimbilia gari. Mpe agizo lenye mwanzo na mwisho, atalitimiza. Ninyi nanyi mlimuuliza kama mwizi. Mngemuuliza kama mfanyakazi mwenzenu, angewajibu."

Kisha akamshika Avelina bega.

"Umefanya vema kukiri, mwanangu. Lakini kumbuka, macho yako yaliona furushi tu. Wizi uliutia wewe mwenyewe. Siku nyingine ukimshuku mtu, muulize yeye kwanza, kabla hujamwambia jirani."