Nyuki Waliosahau Kwao

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alijaza maji kwenye karai la nyuki na kupanga vijiti juu yake ili wasizame. Jina hilo alipewa na mama yake kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Mizinga ya mama ilikuwa nyuma ya nyumba, imepakana na shamba la matango la mjomba, na asali yake ndiyo iliyowalisha na kuwavisha.

Asubuhi ile nyuki wachache tu walikuja kunywa. Mama alifunua mzinga, akatazama ndani, akaufunika kwa hasira.

"Malkia yumo, watoto wamo, lakini wanaokwenda kutafuta chakula hawarudi. Hivi wanapotelea wapi?"

"Mjomba anapiga dawa," alisema Chiriku, kisha akajishughulisha na vijiti vya karai.

Mama alikwenda moja kwa moja shambani. Mjomba alikuwa na bomba mgongoni, katikati ya maua ya njano yaliyochanua.

"Dada, usinianze," alisema. "Dawa naweka nusu ya kipimo. Mwanao mwenyewe ndiye aliyenishauri, eti nyuki wasife. Haya, nionyeshe maiti ya nyuki hata mmoja!"

Kweli, hapakuwa na maiti. Chiriku, aliyekuwa amemfuata mama, aliona aibu. Alisema lile neno kwa nia njema, na sasa mjomba amelifanya ngao! Siku nzima darasani aliwaza namna ya kuwafuatilia nyuki.

Aliporudi alichota unga kidogo, akawanyunyizia nyuki waliokuwa kwenye maua ya matango ili awatambue, akakimbia kuwasubiri mizingani. Walirudi wawili tu. Wengine akawatafuta. Mmoja alikuwa akizunguka mdomo wa ndoo kana kwamba ndio mlango wake. Mwingine alitambaa ubaoni, akapita jirani kabisa na tundu la mzinga, akaendelea na safari. Chiriku alimwita mjomba kwa sauti iliyowatoa majirani nje.

"Tazama, Mjomba! Hajafa, lakini hajui kwao!"

"Si huo unga wako umemziba macho?"

"Kabla ya hawa niliwapaka unga huohuo wale wa kwenye alizeti zetu mbele ya nyumba, wakarudi moja kwa moja! Kule hakuna dawa!"

"Basi huyu anazubaa tu."

"Anazubaa kwa sumu yako!" mama alidakia. "Mtu akipotewa na akili, utangoja afe ndipo useme anaumwa?"

Aliingia shambani, akageuza jani la tango. Chini yake vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza majani, walikuwa wamejaa tele.

"Na hawa uliotaka kuwaua? Nusu kipimo imeua wanyonge, sugu wamebaki wanazaana. Vile vidudu vyekundu vyenye madoa vilivyokuwa vikiwala vimelegea, havina hamu ya kula." Akachuma tango moja, limepinda, upande mmoja mwembamba kama kidole. "Ua lisilopata nyuki wa kutosha huzaa kioja hiki. Nani atalinunua?"

Mjomba alilipokea lile tango, akaligeuzageuza. Kisha akalitua bomba, akachukua chupa ya dawa na kuyasoma maelezo yake kwa mara ya kwanza. Yaliandikwa wazi: usipunguze kipimo, usipige wakati wa maua.

"Nimekosa, dada," alisema kwa sauti ndogo.

Tangu siku hiyo hakupiga tena dawa wakati wa maua; aling'oa majani yaliyoshambuliwa sana, na vidukari waliosalia akawaosha kwa maji. Nyuki wachanga walipokua na kuanza kutoka, karai likajaa tena, na matango yakanyooka.

"Mama, neno la nusu lilitoka kwangu," Chiriku alikiri.

"Najua. Ulikuwa na huruma, lakini hukuuliza, na mjomba wako hakusoma. Sumu kidogo bado ni sumu, mwanangu. Ukiitumia usihesabu waliokufa tu. Waangalie na walio hai, wanaishije."