Marando Safi ya Mama Pacha

Asubuhi ile Mama Pacha alichimba shina la kwanza la viazi vitamu, akatoa mizizi mitupu. La pili, vivyo hivyo. La tatu lilimpa kiazi chembamba kama kidole.

"Hiki tunakula au tunachokolea meno?" alitania mumewe, fundi baiskeli. Kisha akaacha kucheka. "Mke wangu, msimu ujao ukiwa hivi, shamba nampa mfyatua matofali achimbe udongo."

Mama Pacha aliumia sana. Shamba lile ndilo lililowalea pacha wake. Akaenda mbio kwa jirani, Bi Chandarua. Watu walimpa jina hilo kwa kuwa alifunika miche yake ya viazi kwa chandarua.

Bi Chandarua alikuja, akainamia majani. Yalikuwa madogo, yamejikunja, yana mabaka ya njano.

"Mwenzangu, shamba linaumwa. Hivi ni virusi. Inzi weupe na vidukari wanavibeba shina hadi shina. Marando, vile vipande vya shina vya kupandia, unayakata wapi?"

"Kwenye mashina yasiyozaa. Yanayozaa nayaonea huruma, nisiyasumbue!"

Bi Chandarua alishika kiuno, akaangua kicheko. "Loo! Kumbe kila msimu unawachagua wagonjwa, unawafanya mbegu!"

Mama Pacha alijipiga paji la uso. Kisha naye akacheka mpaka machozi. "Basi nipe dawa nipulizie!"

"Dawa ya kuliponya shina hakuna. Ng'oa yote, choma. Nitakupa marando yangu safi ya chini ya chandarua, wadudu hawayafikii; uyapande upande ule mwingine wa shamba, mbali na hapa. Ukiona jani limejikunja, ng'oa shina zima siku hiyo hiyo. Na mbegu kata kwenye mashina yenye afya tu."

Waling'oa, wakachoma, wakapanda upya. Kila asubuhi Mama Pacha alikagua majani. Mara moja alikuta shina nene lenye majani yaliyojikunja. Roho ilimuuma, lakini aliling'oa.

Siku ya kuvuna ikafika.

"Baba Pacha! Njoo! Njoo upesi!"

Mumewe alitupa spana, akaja mbio akidhani ni nyoka. Tuta lilikuwa limepasuka, na ndani yake viazi vikubwa vimebanana! Fundi alinyakua jembe, akachimba kwa pupa.

"Polepole, utavikata!" mkewe alipiga kelele kwa furaha.

Mfyatua matofali akapita kuulizia shamba. Fundi baiskeli hakuinua hata kichwa.

"Ndugu yangu, usikanyage tuta. Chukua jembe utusaidie."