Pete ya Kijani ya Benzi ya Afande

Kila Jumamosi, Darlène akishaosha vyombo na kuanika sare yake ya shule, alivaa ovaroli kuukuu iliyokatwa miguu na kufuatana na baba yake hadi gereji ya Kamwokya. Asubuhi hiyo muziki wa vibanda vya jirani ulikuwa umekwisha kuanza kugombana, kila kibanda kikitaka kumzidi mwenzake kelele. Baba yake, Papa Hippolyte, alihamia Kampala kutoka Bukavu Darlène akiwa bado anabebwa mgongoni. Kazi yake ilikuwa kutengeneza viyoyozi vya magari, na Darlène, mwenye miaka kumi na mitatu, alitaka kuwa fundi kama yeye.

Mafundi wengine walimfanya kichekesho. "Hippolyte, leo tena umekuja na mpishi?" Blaise, fundi wa breki, aliuliza huku akijichekea mwenyewe.

Darlène alikuwa ameyazoea hayo. Kilichomuuma ni cha Jumamosi iliyopita. Aliangusha skrubu ndani ya injini ya mteja, wakaitafuta hadi giza likaingia, na Papa akamfokea mbele ya gereji nzima: "Ukipoteza kitu tena, hutagusa gari hapa! Utakaa nyumbani." Maneno hayo yalimganda kichwani wiki nzima.

Leo kazi ilikuwa Benzi ya zamani yenye rangi ya maziwa, mali ya Afande Ogwal, polisi mstaafu. Gari hilo lilimzidi Papa Hippolyte umri, na Afande alilipenda kiasi kwamba mke wake alisema kama yeye angezaliwa na magurudumu, naye angeoshwa kila siku. Saa sita mchana Afande angempeleka mama yake, Bibi Aol, nyumbani Lira. Bibi alikuwa ametoka hospitali alikolazwa kwa ugonjwa wa pumu, na daktari aliagiza vumbi na moshi visimfikie. Angesafiri vioo vimefungwa. Kiyoyozi kikifa njiani, mgonjwa angechagua kati ya kupikwa na joto na kubanwa na vumbi.

"Gari hili lilitumia gesi ya kale," Papa alimweleza Darlène. "Sasa tunaweka gesi ya siku hizi. Pete hizi nyeusi za mpira zimekauka, zitavujisha. Kila kiungo cha bomba kipate pete ya kijani. Umesikia?"

"Nimesikia, Papa."

Kila pete nyeusi iliyotoka iliingia kwenye mkebe, ili mteja akabidhiwe. Ndiyo desturi ya gereji: mwenye gari akishika cha zamani mkononi, anajua kipya kimeingia.

Kiungo cha mwisho kilikuwa chini kabisa, nyuma ya rejeta, mahali ambapo mkono mnene wa Papa haukupenya. Darlène akalala chali chini ya gari. Akatoa pete nyeusi, akaipaka mafuta ile ya kijani, akainyoosha juu. Ikamteleza. Ikadunda kifuani, ikabingirika, ikatumbukia kwenye mtaro wa maji machafu. Alisikia tu *chubwi*.

Juu yake alisikia sauti ya Blaise, na kicheko.

"Umemaliza?" Papa akauliza.

Darlène aliitazama pete nyeusi mkononi mwake. Ilikuwa imekuwa bapa, lakini haikuwa imekatika. Akairudisha mahali pake, akakaza.

"Nimemaliza, Papa."

"Ya kijani?"

"Ya kijani."

Uongo hauendi peke yake, hutaka mwenzake. Mkebe sasa ulipungukiwa pete moja. Papa alipogeuka kuchukua pampu, Darlène akachakura kwenye takataka za gereji, akaokota pete nyeusi ya gari jingine, akaitia ndani.

Pampu ilivuta hewa yote mabombani. Papa alikodolea macho mshale wa geji, nao haukutikisika, ishara kwamba hakuna panapovuja. Gesi ikaingia, injini ikawashwa, hewa baridi ikavuma kwenye viti vya ngozi.

"Mmeuona mkono wa fundi?" Papa aliwaita wenzake, akimshika Darlène bega. Ilikuwa sifa aliyoingoja mwaka mzima, na sasa ilimchoma.

Saa sita Afande Ogwal alifika akimshika mama yake mkono. Alipokea mkebe, akazipindua pete kwa kidole, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. "Kazi safi, fundi. Mimi napenda mtu anaonyesha kazi yake."

Bibi Aol aliketi kiti cha nyuma polepole. Kifua chake kilipiga mluzi kila alipovuta pumzi. Akamwita Darlène dirishani, akampa kipande cha kashata ya simsim.

"Ni wewe umetengeneza baridi yangu? Bambi, maskini, mkono kadogo hivi!"

Darlène akaitia kashata mfukoni. Vioo vikapandishwa. Benzi ikaanza kuondoka taratibu kuelekea lango. Akimweleza Papa, hatagusa gari tena. Asipomweleza, bibi huyu ataishiwa na pumzi huko njiani, na ni yeye tu duniani anayejua. Miguu yake ilitangulia kabla hajaamua. Alikimbia, akasimama mbele ya gari mikono juu.

"Afande, simama! Usiende!"

Breki zikalia. Afande akatoka kama aliyekanyaga moto. "Wewe mtoto, nataka gari ikugonge?"

"Pete moja ni ya zamani," Darlène alisema, machozi yakimtiririka. "Ya kijani ilianguka kwenye mtaro. Na moja iliyo mkebeni si ya gari hili, nimeiokota kwenye takataka. Papa hajui."

Hata Blaise hakucheka. Afande alimgeukia Hippolyte, mishipa ya shingo imemtoka. "Fundi! Mama yangu iko mgonjwa, na wewe nafanya mchezo?"

"Nisamehe, Afande. Kazi ni yangu, na kosa ni langu," Papa alijibu. Hakumtazama binti yake. Aliunganisha mashine, akairudisha gesi yote mtungini, kisha akamwambia Darlène kwa sauti ndogo, "Fungua kile kiungo."

Darlène akalala tena chini ya gari. Alipogusa kiungo, vidole vilirudi na mafuta yanayotoka pamoja na gesi. Pete ya zamani ilikuwa imeanza kuvuja.

Papa alivitazama vidole vile. "Gesi hii isingefika hata Karuma, sembuse Lira," alisema.

Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa pakiti. Ndani mlijaa pete za kijani.

"Nilinunua za ziada, mwanangu, kwa sababu huanguka. Hata mimi naziangusha. Ungesema tu."

Darlène alilia kwa sauti. Papa akamwekea pete moja kiganjani. "Weka. Mkono wangu hauingii huko."

Kazi yote ilirudiwa, na safari hii Papa aliuangalia mshale wa geji kwa muda mrefu zaidi. Afande aliitupa pete ya takataka, akatia ile ya kweli mkebeni, kisha akaondoka bila kuaga.

Jua likielekea kuzama, simu ya Papa ililia. Ilikuwa sauti ya Afande, kubwa kama kawaida: "Fundi, tumepita Karuma! Mama nasikia baridi, naomba blanketi! Ambia huyo mtoto, yeye ndiye atahudumia gari yangu siku zote!"

Gereji nzima iliangua kicheko, na Blaise alicheka kuliko wote.

Papa alimketisha Darlène kwenye tairi kuukuu. "Mimi nilikukaripia vibaya, ukaniogopa. Hilo nitalirekebisha. Lakini wewe nawe ushike hili: kuangusha pete si kosa la kumfukuzisha fundi. Kosa ni kuificha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Leo ulikubali kuaibika ili bibi wa watu apumue. Jumamosi ijayo, njoo mapema."

Darlène akaikata kashata vipande viwili, akampa baba yake kimoja.