Kigoda cha Bibi Najat

Nyumba ilibaki kuta tupu, lakini kona moja ilinuka ubani. Raya alisimama mlangoni na kiroba cha viazi vya Sengerema, akanusa tena. Alikuwa ametoka kuwaaga wazazi wake ng'ambo ya ziwa. Huku nyuma mumewe Seif alikuwa ameuza kitanda, jokofu na makochi, maana Jumatano, keshokutwa, walikuwa wanapanda ndege kwenda Uturuki, alikopata kazi ya miaka mitatu.

"Seif, kigoda cha bibi kiko wapi?"

"Amekichukua Mama Rebeka wa maandazi."

"Yaa Rabi! Umeuza kigoda?"

Kigoda kile, jamani, hakikuwa cha kukaliwa na binadamu. Bibi Najat, aliyemlea Raya hapo hapo Igogo, alikuwa na jini la ziwani, na pale ndipo lilipokaa. Kila Alhamisi alikifukizia ubani na kukiwekea kikombe cha kahawa. Alipokufa, Raya akaendelea. Alipanga kukikabidhi kwa Bibi Sihaba, mganga aliyekuwa shoga wa marehemu, baada ya kuliaga jini kwa heshima zake. Seif alilijua hilo fika. Alikuwa amechoka na ubani wa kila Alhamisi, ndiyo maana alisubiri mkewe avuke kwanza.

"Majini hayana pasipoti," alisema, akacheka peke yake.

Raya alitoka mbio. Mama Rebeka alimvutia pembeni ya karai la mafuta.

"Mwenzangu, kilivunjika mguu, nikakipasua kuni. Kikagoma kuwaka. Yakatoka maji ndani ya mti, yananuka ziwa. Nikamwagia mafuta ya taa ndipo kikashika." Akashusha sauti. "Kililia, Raya. Kililia kama mtu mzima."

Bibi Sihaba hakungoja hata kuelezwa. Aliitikia shikamoo, akasema, "Limepita hapa likimuulizia mumeo kwa jina."

"Nifanye nini, bibi?"

"Wewe huna kosa. Aliyeuza aje aombe radhi kwa mdomo wake, kabla hajaondoka Mwanza. Asipoomba, litajitafutia pa kukaa." Akampa kifurushi cha ubani.

Raya alimpigia mumewe magoti. Alikuwa na hasira, lakini alipiga, kwa sababu alimpenda mpumbavu yule.

"Niombe radhi majivu?" Seif alijibu. "Usinitie aibu!"

Jumatano aliamka mgongo umempinda. Akasingizia mizigo. Uwanjani masanduku yalipimwa, uzito ukawa sawasawa, ila yeye mwenyewe alipanda ngazi za ndege akihema, na kila alipokanyaga paliachwa alama ya unyayo uliolowa.

"Seif, bado tuko Mwanza. Sema neno moja tu."

"Niache!"

Ndege ikapaa juu ya ziwa.

Dar walibadilisha ndege, na Seif akajikokota hadi kwenye kiti chake bila kumtazama mtu. Baadaye Raya alisikia harufu ya samaki, kisha ubani, na alipogeuka akamwona mumewe amekaa wima kama aliyefungwa kamba, jasho linamchuruzika, macho yameganda mbele, na suruali yake imebonyea mapajani, imebonyea na kulowa kama vile mtu mnene aliyetoka kuoga ziwani amemkalia, akijiweka vizuri, akitafuta pa kuegemea, mpaka kiti kizima kikawa kinalia chini yao.

Walipotua Istanbul asubuhi, abiria wote walishuka. Seif hakuinuka.

"Raya," alinong'ona, akilia sasa. "Mwambie ashuke. Naomba radhi. Wallahi naomba radhi."

Raya alimsikitikia. "Bibi wa ziwani," aliiambia hewa iliyokuwa mapajani mwa mumewe, "amekuomba."

Mdomo wa Seif ukafunguka, lakini sauti haikuwa yake.

"Radhi ilikuwa ya Mwanza. Sasa nimekwisha kaa."

"Tutafikaje nyumbani naye? Hawezi kutembea!"

"Kigoda hakitembei, mwanangu. Kinabebwa."

Wakaja wanaume wanne wa uwanja, wakamwinua akiwa vile vile, magoti yamekunjwa, wakiguna na kutazamana kwa uzito wa mtu mwembamba. Raya aliwafuata nyuma. Mkono wake ulikuwa ndani ya pochi, unapapasa kifurushi cha ubani. Ilikuwa Alhamisi, na kahawa ilikuwa bado kutafutwa.