Kisu Chini ya Ulezi

Asubuhi Bhoke alisonga ugali mdogo. Unga ulikuwa wa mwisho. Binti yake Gati alikula peke yake. Bhoke alikaa mlangoni akiutazama mto.

Mwaka ule, 1974, tulikuwa tumehamia kijiji kipya cha ujamaa, upande huu wa Mto Mara. Maghala yetu ya ulezi yalibaki ng'ambo, kwenye makazi yetu ya zamani. Ng'ombe wengine walibaki huko pia. Basi tukawa tunavuka kwa mtumbwi, sisi watu wa ng'ombe tusiojua maji. Wiki tatu zilikuwa zimepita tangu mto umchukue Mwikwabe, mume wa Bhoke.

Siku ile Mwikwabe alikuwa mtumbwini na mkewe. Ng'ombe aliogelea kando yao. Mwikwabe aliizungusha kamba ya ng'ombe mkononi mara tatu. Ndivyo tunavyofanya malishoni, maana ng'ombe wa mahari haachwi. Katikati ya mto kamba ilinasa kwenye kisiki chini ya maji. Ng'ombe akazama. Mwikwabe akavutwa majini, akabaki ameshika mtumbwi kwa mkono mmoja.

"Bhoke, kisu," alisema. "Kata kamba."

Kisu kilikuwepo. Lakini kilikuwa ndani ya kapu, kimeviringishwa kwenye kanga, na juu yake gunia la ulezi. Bhoke alisukuma gunia. Alipekua kapu. Alipokipata kisu, ule mkono haukuwepo tena.

Sisi tulisema ni kazi ya Mungu. Tulisema hivyo kwa sababu ni rahisi kusema.

Sasa unga ulikuwa umekwisha. Bhoke alikwenda kwa mzee Okeyo, Mjaluo aliyetoka kando ya ziwa. Ndiye aliyetuchongea mtumbwi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Gati."

"Lazima nivuke, mtoto asife njaa. Kisu nikiweke wapi?"

Okeyo alijigusa kifuani. "Hapa. Nje ya nguo. Mkono wa kulia ukifikie, na wa kushoto pia."

"Kwa nini hukutuambia mapema?"

Okeyo aliinamisha kichwa. "Kwetu hata mtoto anajua. Nilidhani na ninyi mnajua. Mama, hata mimi silali."

Bhoke hakumsamehe siku hiyo. Lakini alikaa chini akajifunza.

Kisu kilihitaji ala, yaani mfuko wa ngozi. Ngozi iliyokuwepo ni ya yule ng'ombe aliyezama, ambaye mzoga wake tuliuopoa baadaye. Bhoke aliishona huku machozi yakimdondoka.

"Sasa kigeuze juu chini, ukitikise," alisema Okeyo.

Kisu kikaanguka.

"Kingeanguka mtoni hicho. Kaza, shona tena."

Mara ya pili hakikuanguka. Okeyo alikata kamba ndefu iliyokuwa inaning'inia kwenye ala. "Hii nayo ingenasa," alisema. Kisha alisugua ncha ya kisu kwenye jiwe mpaka ikawa butu. "Ncha itakuchoma mwenyewe. Makali ndiyo yanayokata. Haya, fumba macho. Kishike."

Bhoke alikishika mara nyingi, mpaka mkono ukazoea.

"Na kamba ya mnyama usiizungushe mkononi. Ishike tu. Ikikuvuta, iachie."

Kesho yake walikwenda ng'ambo kuchukua ulezi, Bhoke, Okeyo na Filemoni, mdogo wake Mwikwabe. Wakati wa kurudi Bhoke alipiga kasia mbele, Okeyo nyuma. Filemoni alikaa katikati na kamba ya ng'ombe wa mwisho. Aliizungusha mkononi.

"Filemoni, usiizungushe," alisema Okeyo.

"Huyu ni ng'ombe wa marehemu, mzee. Siwezi kumpoteza."

Kamba ikanasa kwenye kisiki kile kile. Filemoni akaanguka majini, akashika mtumbwi kwa mkono mmoja. Bhoke aligeuka. Aliuona mkono ule. Hakutafuta kitu. Alichomoa kisu kifuani akakata kamba mara moja, mbali na vidole vya shemeji yake. Okeyo akamvuta Filemoni ndani.

Filemoni alikohoa maji. "Shemeji, umempoteza ng'ombe wa kaka."

Lakini kichwa cha ng'ombe kiliibuka. Aliogelea mwenyewe, akapanda ukingo, akaanza kula majani.

Bhoke alimtazama ng'ombe.

"Hata yule wa kwanza angetoka," alisema. "Na Mwikwabe angetoka."

Jioni ile Gati alikula akashiba.

Tangu hapo, mtu asiye na kisu kifuani hapandi mtumbwi wetu. Bhoke husimama ukingoni. Hugeuza kila ala, huitikisa. Husema, "Fumba macho. Kishike." Hajazama mtu tena kwa kamba. Watu humwambia asante. Yeye huitikia, kisha hutazama mahali kilipo kile kisiki.