Mama Aliyefunga Barabara ya Keringet kwa Mkanda

Mawe!

Chepkemoi alifungua sanduku la dharura nyuma ya gari la kanisa... akakuta mawe matupu!

Hakuna jeki. Hakuna spana. Hakuna pampu wala viraka. Hata blanketi halikuwapo!

Tairi la mbele limepasuka, mvua inanyesha, na ndani ya gari binti yake Chelangat ameng'ang'ania kiti kwa uchungu wa kuzaa. Damu ilikuwa imeanza kutoka mapema mno.

"Mama... tumefika Nakuru?"

"Bado kidogo, mwanangu. Pumua."

Uongo! Hawakuwa wamefika hata Njoro.

Wapendwa, mwaka ni 1957, barabara ya Keringet. Ngojeni niwaambie kwa nini mawe yale yalimkata mama huyu maini.

Mwaka mmoja kabla, Chelangat alimpoteza mtoto wake wa kwanza katika gari hilohilo. Hakuuawa na ugonjwa. Aliuawa na pancha! Saa nne nzima wakingoja apite mtu mwenye jeki.

Baada ya mazishi Chepkemoi alikwenda Nakuru kwa fundi Pritam Singh, daftari la darasa la jioni likiwa kwapani. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na ndiyo kwanza anajua kuandika.

"Fundi, nitajie kila kitu gari linahitaji likikwama."

Pritam akacheka. "Mama, wewe mtu ya kanisa. Omba tu!"

"Kuomba naomba. Sasa taja."

Fundi akataja, mama akaandika, herufi moja moja, ulimi nje. Mwishoni akaongeza vyake mwenyewe: wembe mpya na kitambaa safi. Wanaume husahau kwamba watu huzaliwa njiani.

Akina mama wakachanga vitu mpaka sanduku likajaa. Mzee wa kanisa, Micah Kosgei, alicheka mpaka akakohoa.

"Hili ni gari ama duka?"

Sasa turudi kwenye mvua.

Injini ikasikika kwenye kona. Pikapu ya viazi... ya Mzee Micah mwenyewe!

"Mungu amesikia!" Dereva wao, Hezekiah, akapunga mikono yote miwili.

Micah akapunguza mwendo. Akaliona sanduku wazi. Akayaona mawe.

Kisha akakanyaga mafuta! Honi! Anataka kupita!

Chepkemoi akaelewa palepale mwizi ni nani.

Chini ya gauni alikuwa amevaa leketiet, mkanda wa ngozi wenye kauri ambao mama wa Kikipsigis hujifunga akishazaa. Mama akiulaza njiani, mwanamume hauvuki. Laana yake haina dawa.

Micah alikuwa amehubiri Jumapili tatu kwamba ni ushenzi, uchomwe. Chepkemoi aliliombea jambo hilo kwa magoti, akaona moyo umetulia, akauvaa.

Akaufungua. Akaulaza katikati ya barabara.

Hezekiah akageuza uso upesi, kwa hofu ya mkanda.

Breki! Pikapu iliteleza kwenye tope, ikasimama hatua moja tu kutoka kwenye mkanda.

"Mama Chelangat, toa hiyo kitu!"

"Kitu gani?"

"Unajua! Hiyo!"

"Si ulisema ni ngozi tu? Pita, Mzee. Pita juu yake!"

Micah alishika usukani, jasho likimtoka katika baridi ile.

"Siwezi..."

"Basi teremka. Na ulete jeki yangu."

"Nilikopa tu! Ningerudisha Jumapili!"

"Na haya mawe? Ulitukopesha?"

Vyote vilikuwa chini ya magunia ya viazi. Blanketi alikuwa amelikalia! Mzee wa kanisa akapiga magoti kwenye tope, akafunga tairi la akiba kwa mikono yake.

"Kaza," Chepkemoi akamwambia. "Kaza tena."

Chelangat alijifungua jioni hiyo hospitalini Nakuru. Msichana, kilo mbili, akilia kwa hasira.

Mnadhani imeisha? Bado!

Jumapili wazee wakamwita Chepkemoi barazani. Alijua ni kesi ya Micah. Kumbe ni kesi yake!

"Tubu kwa kuvaa mkanda wa kishenzi, ama utoke kwenye ushirika."

"Na jeki?"

"Hilo Mzee Micah ameshatuomba radhi faraghani."

Chepkemoi akasimama.

"Wazee wangu, kwenye mvua ile nilimwomba Mungu anisaidie, akanisaidia kwa mkanda huu. Siwezi kutubu jibu la maombi yangu. Nitoeni."

Wakamtoa, miezi sita! Kila Jumapili alikaa nje, chini ya dirisha, akiimba kwa sauti kubwa kuliko kwaya. Ibada ikiisha analizunguka gari, anafungua sanduku, anahesabu kitu kimoja kimoja mbele ya wazee walewale. Hakuna aliyethubutu kumzuia. Na hakikupotea tena hata kiraka.

Wapendwa, huyo alikuwa nyanya yangu. Msichana wa kilo mbili ni mimi.

Kwa hiyo sikilizeni mtu aliyekaribia kuzaliwa kwenye tope. Usiamini sanduku kwa sababu ni zito. Usimwachie mtu mwingine alikague, hata akiwa na cheo gani kanisani.

Omba kabla ya safari. Ukisema amina, fungua buti uangalie kwa macho yako.